Mgonjwa Namba Tatu

Nilichaguliwa kuokoa maisha ya watu kwa sababu moja tu: sitoki nyumbani.

Si akili. Nilimaliza kidato cha nne na alama ambazo mwalimu mkuu alinikabidhi akiwa anaangalia dirishani, na tangu siku hiyo sijaitwa mahali popote kwa ajili ya kichwa changu. Lakini watafiti walipofika upande wetu, hapa nje kidogo ya Kathonzweni, wakitafuta mtu wa kukaa na mkoba wa huduma ya kwanza karibu na barabara, waliwauliza watu wa boda boda stejini: "Ni nani hapa anapatikana nyumbani wakati wowote?" Wote wakanyoosha mikono kuelekea kwangu. Mmoja akaongeza, na hakuna aliyemuuliza, "Huyo hata harusi ya ndugu yake hakwenda."

Ni uongo. Nilikwenda. Nilirudi tu kabla ya keki.

Mwenye miguu katika nyumba yetu ni mke wangu. Anauza mitumba Mukuyuni siku za soko, na siku zisizo za soko anatafuta soko lingine. Anajua habari za watu ambao mimi hata sijui kama walizaliwa. Mimi najua kuku. Najua ni yupi anataga chini ya ghala na ni yupi anadanganya. Napika, nachota maji kwa tangi, nanoa kila kitu chenye makali, nasikiliza redio.

"Lazima kuna mtu abaki," huwa namwambia.

"Abaki akifanya nini?"

"Akibaki."

Basi watafiti wakanipata, nikiwa nimebaki.

Walichotaka kujua kilikuwa kitu rahisi, na nilishangaa kwamba watu waliosoma hivyo hawakukijua. Mtu akiumia huku kwetu, kabla hajafika hospitali, nani anamgusa kwanza? Anamfanyia nini? Na inachukua muda gani? Daktari aliyesimamia utafiti alitueleza kwamba kuanzia mlango wa hospitali wanajua kila kitu kuhusu mgonjwa, mpaka alikunywa maji mangapi. Kabla ya ule mlango hawajui chochote, na wengi huwa wameshapoteza damu huko huko.

Alikuwa mwanamke kijana, mrefu, mwenye raba nyeupe ambazo vumbi letu lilizigeuza kahawia kabla ya chai ya saa nne. Na alikuwa na neno lake moja: "Halafu?" Ukimwambia jirani alianguka kutoka kwa paa, anauliza, "Halafu?" Tukamwinua. "Halafu?" Tukamketisha kwa kiti. "Halafu?" Tukampa soda. "Halafu?" Hapo ndipo unaanza kujiuliza wewe mwenyewe ile soda ilikuwa ya nini.

Alitufundisha siku tatu katika ukumbi wa kanisa. Tulikuwa kama watu ishirini kutoka vijiji vya hapa karibu, wote wa aina yangu: fundi viatu asiyetoka kibandani, mama wa duka, wazee wawili ambao magoti yao yaliwazuia kwenda mbali. Somo kubwa lilikuwa damu. Chukua kitambaa safi, weka juu ya jeraha, bonyeza kwa nguvu zako zote, na usichungulie.

"Watu hubonyeza vizuri," daktari alisema, "halafu kila dakika wanainua kitambaa waone kama imekoma. Ni kama mtu anayefunua wali. Hautaiva."

Tulipoonyeshwa picha ya mguu uliokatika, nilitoka nje kwenda kuangalia kama baiskeli yangu iko salama. Sina baiskeli.

Mwisho wa mafunzo kila mtu alipewa mkoba mwekundu. Ndani kulikuwa na glovu, mkasi, bandeji, gozi, yaani vile vitambaa vyeupe vya kufunika kidonda, na kitabu cha fomu. Kila anayeumia anajaziwa fomu yake. Saa aliyoumia, saa aliyobonyezwa, nini kiliwekwa kwa jeraha, na kama msaada ulichelewa, ulichelewa kwa nini. Hapo kulikuwa na visanduku vinne vya kutia tiki: *sikuwa karibu*, *sikuwa na vifaa*, *niliogopa*, *sababu nyingine*. Hakuna jina la mgonjwa. "Jina la mtu ni lake," daktari alisema. "Sisi tunataka namba tu." Pia kulikuwa na ukurasa wa kumsomea mgonjwa, kumwomba ruhusa ya kuweka habari zake kwa utafiti, lakini huo ulikuwa wa baadaye, damu ikishakoma.

"Kwanza bonyeza, fomu baadaye," alirudia mara nyingi mpaka mzee mmoja akamuuliza kama anatuona sisi ni watoto wa nasari.

Nilipofika nyumbani na mkoba, mke wangu alicheka mpaka akashika mlango.

"Wewe? Wewe unayefunga macho nikichinja kuku?"

"Kuku namjua. Huyo mwingine atakuwa mgeni."

Mgonjwa namba moja alikuwa mtu wa boda boda aliyechubuka goti. Namba mbili alikuwa jirani yangu, mama mmoja wa ng'ambo ya korongo, ambaye alikuja kulalamika kwamba ameona wengine wakiandikwa na yeye hajaandikwa, akanionyesha kidole cha mguu alichojikata na jembe. Nilikuwa nimeanza kujaza fomu nilipogundua kile kidonda kilikuwa cha mwaka uliopita. Nikamfunga bandeji hata hivyo. Alitembea nayo mpaka kanisani.

Halafu mama mkwe akaja.

Sisi Wakamba tuna kitu tunakiita nthoni. Ukitafuta Kiswahili chake utapata heshima, utapata aibu, utapata kuona haya, na bado hujafika. Nthoni ndiyo inakuzuia kumsalimu mama mkwe kwa mkono, kukaa naye chumba kimoja, kula ukimwangalia. Mkikutana kwa njia nyembamba, mmoja anaingia msituni, na hamuulizani ulifuata nini huko. Vijana wa siku hizi wameiacha. Kuna siku niliona kijana mmoja mjini Wote akimkumbatia mama mkwe wake mbele ya benki, mchana, na benki haikuanguka. Lakini mama mkwe wangu ni wa Nuu, huko upande wa Mwingi, na Nuu nthoni haijastaafu.

Alikuwa amekuja kumsaidia binti yake kuvuna mbaazi na kupeleka kiasi kwake. Anaishi huko peke yake na mbuzi wake, anatembea kwenda kisimani na kurudi kila siku, na mtu akimwambia ahamie kwa mtoto wake yeyote anajibu kwamba siku miguu itakapomkataa ndiyo siku hiyo. Alipewa ile nyumba ndogo ya karibu na jikoni. Mimi nilijifunza kukohoa kabla ya kutoka kwangu ili ajue nakuja na ageuke. Nilikohoa sana wiki hiyo. Jirani wa ng'ambo alimwuliza mke wangu kama nimeshapimwa kifua.

Mke wangu akiwepo, tulizungumza kupitia kwake.

"Mwambie mama chai iko tayari."

"Mwambie nimesikia."

"Mmesikiana," mke wangu alisema, "au nirudie?"

Akiondoka ndipo ilikuwa shida. Siku ya pili, akiwa sokoni, nilisikia sauti nje ikimwambia mbuzi wetu mweupe, yule mwenye pembe moja ambaye hufungwa karibu na tangi: "Mbuzi, mtu akiweka majani mengi hivi kwa chai, anataka watu wasilale?" Nilidhani anaongea na mbuzi kweli. Ilinichukua mpaka jioni kuelewa. Asubuhi iliyofuata nilisimama nyuma ya tangi, nikamwambia mbuzi, "Leo majani yamepunguzwa." Mbuzi alitafuna tu. Kutoka jikoni ilisikika: "Mbuzi, umesema vizuri."

Tukaishi hivyo, na si vibaya. Mbuzi alikuwa mkalimani mzuri. Hakuongeza neno.

Siku niliyotaka kuieleza ilikuwa siku ya soko. Mke wangu alikuwa ameondoka mapema na mabunda yake. Mbaazi zilikuwa zimeshapurwa, imebaki miti yake mikavu imerundikwa karibu na jikoni, na mama mkwe, ambaye kukaa bure kunamuuma, alichukua panga akaanza kuikata iwe kuni. Lile panga nilikuwa nimelinoa mwenyewe. Nililinoa siku tatu, kwa sababu nilikuwa na siku tatu.

Mimi nilikuwa ndani na redio. Nilisikia panga likikata, likikata, likikata, halafu likaacha. Halafu nikasikia, "Aiyai!" Halafu kimya. Halafu:

"Mbuzi!"

Haikuwa ile sauti ya majani ya chai.

Nilikohoa, nikatoka. Ndiyo, nilikohoa kwanza. Alikuwa ameketi chini karibu na kuni, mguu mmoja umenyooka mbele yake, na chini ya goti, upande wa ndani, panga lilikuwa limepita. Damu haikuwa ya kudondoka. Ilikuwa ya kutiririka, imeshafika kwa kiatu.

Nilikimbia ndani, nikachukua mkoba mwekundu, nikatoka mbio. Nilipofika hatua kumi kutoka kwake nikasimama kana kwamba kuna ukuta. Nikageuka, nikampa mgongo. Nikatoa simu nikaangalia saa, kwa sababu fomu inataka saa. Saa nne na dakika kumi.

Sasa nitasema kitu ambacho bado kinanichoma. Nilifungua kitabu cha fomu, nikaanza kusoma ule ukurasa wa ruhusa.

"Mbuzi," nikasema, "mwambie mama kwamba huu ni utafiti. Kushiriki ni kwa hiari yake."

"Mbuzi, mwulize huyo mtu anasoma nini."

"Mwambie anaweza kukataa wakati wowote bila kupoteza chochote."

"Mbuzi! Mwambie kuna kitu ninapoteza sasa hivi, na ni damu!"

Nikafunga kitabu. Nikatoa pakiti ya gozi, nikaipasua, nikairusha nyuma juu ya bega langu bila kuangalia.

"Mbuzi," mama mkwe akasema, "hiyo ni yangu."

Kugeuza kichwa kidogo hivi, naona mkalimani wetu ameanza kuila. Nikarusha nyingine, na hii ilifika.

"Mbuzi, mwambie aweke juu ya jeraha, abonyeze kwa nguvu, na asichungulie."

Alibonyeza. Lakini ni mama ambaye amesuka viondo tangu akiwa msichana, na vidole vyake havifungi vizuri tena. Nilisikia akihema. Nikamwita jirani wa ng'ambo ya korongo kwa sauti ambayo sikujua ninayo. Hakuna. Alikuwa ameenda kwa chama cha akina mama. Nikampigia mtu wa boda boda, akasema anakuja na gari la shemeji yake, nivumilie. Nikampigia mke wangu. Mara ya kwanza soko lilikula simu. Mara ya pili akashika.

"Mama amejikata mguu! Panga!"

"Umembonyeza?"

"Nimemwelekeza."

"Sikuuliza hivyo. Umembonyeza?"

"Lakini ni mamako!"

"Ndiyo, ni mamangu! Na mguu ni wake, na wewe ndiye uko hapo! Mshike kwanza, kuona haya utaona baadaye. Nikirudi nitakusaidia kuona haya!"

Nikakata simu, na bado sikugeuka. Mtu anaweza kufikiri ni ukaidi. Si ukaidi. Ni miguu. Miguu yangu ilikuwa imefundishwa jambo hili na mama yangu kabla sijajua kuvaa viatu, na siku tatu za ukumbi wa kanisa hazikuweza kuibadilisha. Nilikuwa na mkoba, nilikuwa na glovu, nilikuwa na hatua kumi. Na nyuma yangu kuna mtu ambaye nilikuwa namwogopa kuliko damu, akiishiwa na hiyo damu.

"Mbuzi," akasema. Sauti ilikuwa imeshuka. "Mwambie mikono inateleza."

"Mbuzi, mwambie... mwambie abonyeze tu. Gari linakuja."

Nikasikia akijisogeza kwenye kuni. Halafu:

"Mbuzi. Mwulize huyo mtu. Kwa kile kitabu chake, wanaandika jina la mtu?"

"La. Wanaandika namba tu."

"Imefika namba gani?"

"Tatu."

Nilisikia akivuta pumzi.

"Basi mwambie mama mkwe wake ameshaenda Nuu. Ameondoka asubuhi. Hapa kuna namba tatu. Ageuke."

Niligeuka. Ilikuwa saa nne na dakika kumi na tisa.

Glovu moja ilikubali vidole vinne kwa shimo moja, nikaiacha hivyo. Nilipiga magoti, nikaweka gozi mpya juu ya ile iliyolowa, nikabonyeza kwa mikono miwili na uzito wangu wote, ambao si haba, maana mtu wa kukaa nyumbani hula. Nikamwambia alale chali. Alilala, kichwa juu ya rundo la miti ya mbaazi. Yeye aliangalia upande wa ghala, mimi nikageuza uso upande wa barabara, kama watu waliokosana wakakalishwa benchi moja kanisani. Na kuhusu kuchungulia, sikuwa na shida. Nilikuwa nimefunga macho. Katika watu wote waliofundishwa siku zile, ni mimi peke yangu ambaye sikuhitaji kuambiwa nisiangalie.

Baada ya muda alisema, na safari hii hakumtaja mbuzi:

"Mikono yako ni mizito."

"Pole, mama."

"Namba tatu."

"Pole, namba tatu."

"Sijasema ni vibaya."

Gari lilipofika, mtu wa boda boda aliruka nje, akatuona, akasimama. Yeye pia ni Mkamba.

"Wewe," akaniambia polepole. "Umemshika mama mkwe?"

"Huyu si mama mkwe," nikasema. "Ni namba tatu. Shika kule kwa mabega."

Nilikwenda naye mpaka kituo cha afya, nikibonyeza njia nzima. Nilikumbuka tu tulipokuwa tumefika kwamba sikufunga nyumba. Watu wa stejini walisema baadaye kwamba kuniona nikipita kwa gari ndiko kulikowajulisha kuna mtu anakufa.

Hakufa. Walimshona nyuzi nyingi, wakamwekea maji ya mshipa. Tabibu aliyemshona alisema mshipa mmoja ulikuwa umeguswa, na nyama ya mguu pia, na kwamba damu ingetoka zaidi kidogo angetuhamishia hospitali kubwa. Kama atatembea sawasawa, hilo alisema litajulikana baada ya mwezi. Akauliza nani alibonyeza.

"Mtu fulani," mama mkwe akasema, akiangalia ukuta.

Mke wangu alifika akitoa jasho, bado amebeba blauzi tatu begani. Alimwangalia mama yake, akaniangalia mimi, akaona damu kwa shati langu mpaka viwiko. Alinipangusa paji la uso kwa blauzi ambayo angeiuza, na kwa mke wangu hiyo ni hotuba.

Kesho yake mchana nilikaa mezani na fomu namba tatu. Saa ya kuumia: saa nne na dakika kumi. Saa ya kubonyezwa: hapo kalamu ikasimama.

Dakika tisa. Mtu aliyefundishwa, mwenye mkoba mkononi, hatua kumi kutoka kwa mgonjwa, dakika tisa. Yule fundi viatu asiyetoka kibandani alikuwa amejisifu kwamba ameandika dakika mbili kwa mtu aliyeumia ng'ambo ya mto. Ningeandika moja, na nani angejua? Mbuzi? Na nilijua hasara yangu pia. Walikuwa wametuambia mkoba utakaa na mtu anayeufaa.

Lakini mlango wa ile nyumba ndogo ulikuwa wazi, na mguu ule ulikuwa umelazwa juu ya mto, umefungwa bandeji mpaka gotini. Kama mguu ungeharibika, mwenye mguu angehamia kwangu, nami ningekohoa mpaka kaburini. Yeye naye, hilo lingemuua kabla ya kikohozi changu. Kila mmoja wetu alikuwa akiomba kimoyomoyo kitu kile kile: atembee, aende kwake. Na kama usingetembea, ingekuwa ni kwa sababu ya zile dakika tisa. Sikuweza kuzifuta kwa kalamu.

Nikaandika tisa. Kwa sababu ya kuchelewa, *niliogopa* ilikuwa kweli lakini haikutosha. Nikatia tiki *nyingine*, nikaandika: *Nthoni. Ni mama mkwe.* Nafasi ikaisha. Nikageuza karatasi, nikaandika nyuma yake kuhusu mgongo, na ukurasa wa ruhusa, na mbuzi kula gozi. Kila nikiacha, nasikia ile sauti: "Halafu?" Nikaendelea mpaka pale alipojiita namba tatu.

Daktari alikuja wiki mbili baadaye kukusanya fomu. Alisoma yangu akiwa amesimama uani. Alisoma mbele, akageuza, akasoma nyuma. Nikangoja acheke au achukue mkoba. Hakufanya lolote. Alisema tu, "Kesho kuna mkutano wa watu wote wa mikoba. Utaisoma wewe mwenyewe."

Sikulala vizuri, na si kwa sababu ya majani ya chai.

Nilisoma mbele ya watu wale ishirini, kichwa chini. Nilipofika kwa ukurasa wa ruhusa walicheka. Nilipofika kwa gozi na mbuzi mama wa duka alilia kwa kucheka. Nilipofika kwa dakika tisa wakanyamaza. Nikakaa. Nikaanza kufikiria nitampa nani mkoba.

Halafu mzee mmoja wa nyuma akajikohoza.

"Ile yangu ya mke wa mwanangu," akasema. "Nimeandika sikuwa na vifaa. Vifaa nilikuwa navyo. Nilikuwa nimevikalia."

"Halafu?" daktari akauliza, polepole sana.

"Halafu nikaenda kumtafuta mama yake wa kambo, shambani."

Mama wa duka akapangusa macho. "Na mimi, baba mkwe alipoanguka kwa ngazi. Nilimrushia blanketi, nikakimbia. Niliandika sikuwa karibu. Nilikuwa karibu. Nilikuwa nimeshika ngazi."

Ukumbi ukapasuka. Kila mtu alikuwa na yake. Daktari alifungua faili yake, akatoa rundo la fomu, akatuambia kwamba kwa miezi amekuwa akijiuliza watu waliopewa mikoba imejaa wanawezaje kuandika hawakuwa na vifaa. Alikuwa amefikiri tunauza gozi.

"Kwa nini hamkuandika?" akauliza.

Ni yule mzee aliyejibu. "Daktari, nthoni ni kitu mtu anaona haya. Sasa ataandikaje kwamba aliona haya?"

Fomu za sasa zina kisanduku cha tano. Na kila mkoba sasa una watu wawili wa nyumba tofauti, ili anayezuiwa na mkwe awe na mwenzake asiyezuiwa. Mwenzangu ni jirani wa ng'ambo ya korongo, ambaye ameniahidi hataenda kwa chama bila kuniambia. Na kama mwenzako hayuko, unavaa glovu, na kabla ya kugusa unasema kwa sauti: "Wewe sasa ni namba." Inafundishwa hivyo katika ule ukumbi. Hawasemi ilitoka kwa nani. Nimemweleza mke wangu kwamba nimechangia sayansi. Akaniuliza kama sayansi inaweza kuosha vyombo.

Mama mkwe alirudi Nuu nyuzi zilipotolewa, akiwa na fimbo, akichechemea. Aliagana na mbuzi. Alisema naye muda mrefu kidogo, nami nilikuwa nyuma ya tangi, kwa hivyo nilisikia, lakini hayo ni ya mbuzi.

Fomu ina ukurasa wa mwisho, wa siku ya thelathini, ambao hubaki na mwenye mkoba. Unatakiwa kumpigia mgonjwa na kuuliza: anatembea? Anafanya kazi zake? Siku ilipofika nilimngoja mke wangu arudi anipigie. Alikataa. "Fomu ni yako." Nikatoka uani mchana ule, nikasimama karibu na mbuzi kwa mazoea, nikapiga. Simu ililia mpaka nikafurahi kwamba haishikwi. Ikashikwa.

"Hallo?"

"Hallo. Hapa ni... hapa ni watu wa utafiti. Tunaomba kuongea na namba tatu."

Nikasikia mbuzi wa Nuu wakilia nyuma yake.

"Niwekee mbuzi," akasema.

Nikabonyeza spika, nikaishika simu karibu na sikio la mbuzi. Mbuzi akaacha kutafuna.

"Mbuzi," sauti ya mama mkwe ikatoka, kali, nzima, "mwambie huyo mtu namba tatu hayuko. Ameenda kisimani na jerikeni mbili. Fimbo ameiacha mlangoni."

Simu ikakatika. Nikaweka fomu juu ya tangi, nikatia tiki haraka penye *anatembea*, kabla mbuzi hajaila.